Nimeokota bahasha ya fedha, mume wangu anasema ni jibu la maombi

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku huu kwa simu, taa nimezima, kwa sababu sitaki mume wangu ajue kwamba nimelitoa jambo hili nje ya nyumba.

Siku tisa zilizopita nilikuwa natoka kazini kwa basi la jioni. Mimi hushuka kituo cha mwisho, na siku hiyo tulibaki abiria wanne tu. Nilipoinuka, mguu wangu uligonga kitu chini ya kiti cha mbele. Nikadhani ni kitabu cha mtoto. Kumbe ni bahasha ya kaki, ile kubwa, imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa raba nyekundu. Nikaiokota, nikashuka nayo. Sijui kwa nini sikumwita kondakta. Nadhani nilijiambia kwamba nikimpa yeye ndiyo basi, haitamfikia mwenyewe.

Nyumbani nikaifungua. Shangazi, sijawahi kushika fedha nyingi namna ile. Mabunda sita, noti kuukuu zimechanganywa na mpya, kila bunda na raba yake. Ni zaidi ya mshahara wangu wa miaka miwili. Katikati mlikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Majina 17, ya kwanza tu bila ukoo. Mbele ya kila jina kuna tarakimu, na mbele ya tarakimu kuna alama ya vema. Majina mawili hayana alama. Hakuna namba ya simu, hakuna anwani.

Mume wangu hana kazi ya kudumu tangu mwaka jana, anahangaika na vibarua. Alipoziona alikaa chini, akafunika uso kwa mikono, akalia. Akasema Mungu amesikia. Na ni kweli kwamba kila usiku tumekuwa tukiomba. Nilipotaja kurudisha akasema kuokota si kuiba, hata sheria iko upande wa aliyeokota. Akasema nikizipeleka popote watagawana wao kwa wao, na hakuna binadamu ambaye angerudisha mzigo kama ule.

Siku ya tano mwenye nyumba alikuja kudai kodi, akasimama mlangoni akipaza sauti majirani wasikie. Nikaingia ndani, nikachomoa kodi ya miezi miwili. Mume wangu hakunilazimisha. Nilichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu hapo silali. Bahasha nimeihamisha mara nne: kabatini, ndani ya foronya, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na sasa iko chini ya nguo chafu. Mtoto wetu wa miaka minane alitukuta tukihesabu, tukamwambia ni fedha za kazini kwa baba. Jana nimemsikia akimwambia mwenzake nje kwamba baba amepata kazi nzuri.

Nirudishe? Nimrudishie nani? Hii kodi niliyochomoa nitasemaje? Na wakidai kwamba zilikuwa nyingi kuliko nilizoleta, nani ataniamini?

Mama Asiyelala

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yanaganda kwenye ile karatasi, si kwenye mabunda. Wewe umeitaja kama kitu kilichokuwemo tu ndani ya bahasha. Lakini wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii daftari yake unayo wewe, chini ya nguo chafu.

Chukua ile karatasi, ujumlishe tarakimu za majina 15 yenye vema. Kisha linganisha na fedha, ukikumbuka kuongeza kodi uliyochomoa. Naamini hesabu zitakutana au zitakaribiana sana. Huenda ni kikundi cha kuweka na kukopa, huenda ni ujira wa vibarua, huenda ni mchango wa mgonjwa anayesubiri kulazwa. Vyovyote iwavyo, hizo si fedha za tajiri aliyesahau mkoba. Kuna mtu alipita kwa watu mmoja mmoja akikusanya, akiweka vema kwa kalamu ya bluu, na bado alikuwa anawadai wawili.

Mtu huyo ndiye ninayemfikiria tangu nilipoisoma barua yako. Ameshuka kwenye basi, amepapasa kwapani, hakuna bahasha. Amekwenda mbele ya wenye majina yale kuwaeleza kwamba imepotea. Nani amemwamini?

Nitakwambia kwa nini nauliza. Nikiwa kijana, karani mdogo, niliwahi kukabidhiwa mchango wa ofisi kwa ajili ya mwenzetu aliyefiwa. Bahasha ikanidondoka njiani. Nilirudi njia ile ile mara tano, nikichungulia hadi kwenye mitaro. Hakuna aliyeniita mwizi. Nililipa kutoka kwenye mshahara wangu kwa miezi 11, na walipokea bila neno. Ila mchango mwingine ulipokuja, daftari lilipita meza kwa meza, likaruka yangu. Miaka mingi imepita na bado nakumbuka mlio wa viatu vya yule aliyelibeba, jinsi alivyonipita bila kupunguza mwendo. Aliyeiokota bahasha yangu huenda naye alikuwa na kodi ya kulipa. Hakujua alichonichukulia, maana yeye aliona noti tu.

Wewe unaogopa kwamba ukirudisha pungufu utaitwa mwizi. Mwanangu, yuko ambaye keshaitwa, leo ni siku ya tisa, na wewe peke yako duniani ndiye unayeweza kumsafisha. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo. Rudisha.

Sasa tuyapime maneno ya mumeo, kwa sababu si mtu mbaya na hayo aliyoyasema husemwa na wengi.

Kwamba sheria iko upande wa aliyeokota. Iko, kwa kiasi. Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza, mwaka 1722. Mtoto aliyekuwa akisafisha mabomba ya moshi aliokota kito, akakipeleka kwa sonara kikadiriwe thamani. Msaidizi wa sonara akayachomoa mawe na kukataa kuyarudisha. Mahakama ikampa ushindi mtoto: aliyeokota ana haki juu ya kitu kuliko mtu mwingine yeyote, isipokuwa mwenyewe. Watu hukariri nusu ya kwanza na kuimeza ya pili. Sheria ya wizi ya huko huko Uingereza, ya mwaka 1968, haimhesabu kuwa mdanganyifu anayejitwalia kitu akiamini kwa dhati kwamba mwenyewe hawezi kupatikana hata akitafutwa kwa juhudi za kawaida. Wewe hujatafuta hata siku moja, na mkononi una majina 17. Siku ile kwenye basi uliokota. Ukimya wa siku hizi tisa ndio unaokusogeza upande wa pili.

Kwamba hakuna binadamu angerudisha. Hili lilipimwa. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Alain Cohn na wenzake, ambao walipeleka pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40, wakizikabidhi mapokezi ya benki, hoteli, posta na ofisi nyingine kana kwamba zimeokotwa nje. Pochi zilikuwa wazi, unaona kilichomo: kadi zenye jina na anwani ya barua pepe ya mwenyewe, ufunguo, na karatasi ya orodha ya manunuzi. Nyingine zilikuwa na fedha, nyingine hazina. Zisizo na fedha, waliomtafuta mwenyewe walikuwa asilimia 40. Zenye fedha, asilimia 51. Katika nchi tatu walikotia fedha mara saba zaidi, ilipanda hadi asilimia 72. Watu wa kawaida walipoombwa kutabiri walisema kinyume, na hata mabingwa wa uchumi hawakubahatisha vizuri. Maelezo ya watafiti ni kwamba kadiri fedha zinavyoongezeka ndivyo inavyokuwa vigumu mtu kujitazama bila kujiona mwizi. Kwa hiyo kukosa kwako usingizi si udhaifu wala ushamba.

Kuna jambo jingine dogo katika utafiti huo ambalo limenigusa. Walipotoa pochi zisizo na ufunguo, waliorudisha walipungua. Ufunguo haumfai aliyeokota, unamfaa mwenyewe tu, na kuuona kunamfanya mtu amfikirie. Karatasi yako ndiyo ufunguo wako.

Na kwamba ni jibu la maombi. Hapa nakwenda taratibu, kwa sababu mwanamume aliyelia kwa kuona kodi ya nyumba imepatikana hastahili kukemewa. Lakini nenda naye kwenye vitabu vyenyewe. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inasema ukiokota kitu cha ndugu yako wala humjui, kiweke kwako hadi atakapokitafuta, kisha umrudishie. Kama ni Waislamu, hadithi ya Zayd bin Khalid iko wazi: Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya cha kuokota aliagiza kwanza kitambuliwe chombo chake na kamba iliyokifunga, halafu kitangazwe mwaka mzima. Hata baada ya mwaka, ukikitumia na mwenyewe akaja, unamlipa. Hakuna kati ya hivyo kinachosema siku tano.

Ukae naye usiku, mtoto akiwa amelala. Usianze na dhambi. Mpe karatasi mkononi, umwombe asome majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Mimi sijui mtu anayeweza kuyamaliza yote 17 kisha akasema hizi ni zetu. Akikataa hata hivyo, uamuzi bado ni wako pia, maana wewe ndiye uliyeokota na wewe ndiye uliyechomoa. Mwambie kabla ya kuondoka, usimfiche. Siri moja ndani ya nyumba imetosha.

Sasa namna ya kurudisha, na hapa unisikilize vizuri kwa sababu wema bila uangalifu umewaponza wengi.

Kabla hujatoka, tafuta mtu mzima unayemwamini, asiwe wa nyumba yako: kiongozi wa dini, mzazi, mwalimu, wakili kama unaye. Yule kijana wa Liberia, dereva wa pikipiki ya abiria aliyeokota dola 50,000 za Marekani barabarani mwaka 2021, alizipeleka kwa shangazi yake kwanza azitunze. Naona hiyo ndiyo sehemu ya busara kuliko zote katika kisa chake. Mbele ya shahidi wako, hesabuni fedha mara mbili. Andikeni noti za kila aina ni ngapi, tarehe uliyookota, basi lipi, saa ngapi, na andikeni bila kuficha kiasi ulichochomoa. Tieni saini wote wawili. Pigeni picha mabunda, bahasha, raba na karatasi. Hilo ndilo jibu la hofu yako kwamba watadai zilikuwa zaidi: una maandishi, una shahidi, na una tarakimu za wenyewe kwa mwandiko wa wenyewe.

Raba usizitupe. Chombo na kamba, kama ilivyoagizwa. Vitu hivyo ndivyo utakavyomtambulia mwenyewe, na kwa sababu hiyo usimtajie mtu. Nenda na shahidi wako kwenye ofisi ya wenye basi, uulize kama kuna abiria aliyekuja kulalamika kupoteza mzigo jioni ile. Usiseme bahasha, usiseme fedha. Kwa jinsi ninavyoijua hofu ya mtu aliyepoteza cha wenziwe, amekwisha kufika hapo, labda zaidi ya mara moja. Wakikwambia yupo, pelekeni mzigo kituo cha polisi, yeye aitwe huko, na aeleze: ilikuwa ndani ya nini, imefungwa na nini, mabunda mangapi, majina mangapi, wangapi hawakuwa wamelipa. Anayejua kwamba wawili walikuwa bado, huyo ndiye.

Asipokuwepo, kituo cha polisi bado ndiko kwa kwenda, mchana, mkiwa wawili. Hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio ikiwa na kiasi kamili, upewe stakabadhi yenye namba, jina la askari aliyepokea, saini na muhuri. Bila karatasi hiyo fedha haziachwi mezani. Mumeo anasema watagawana wao; namwelewa, na ndiyo sababu ya shahidi na nakala. Kugawana kitu ambacho tayari kina picha na mashahidi ni kazi ngumu.

Usimkabidhi mtu nyumbani kwako wala njiani, na usitangaze mtandaoni ukitaja kiasi. Watakuja wengi, na kila mmoja atakuwa na machozi yake. Akitokea mtu akasema alikuona ukiokota na anataka mgawane, au akuombe uweke fedha zako kidogo kama dhamana, mkimbie. Huo ni utapeli wa zamani sana.

Tumefika kwenye kodi. Najua ndilo linalokuuma kuliko yote, na ndilo linaloweza kukufanya usirudishe kabisa. Utajiambia ngoja kwanza nijazie, nikikamilisha nitapeleka. Mwezi utapita, mwenye nyumba atarudi, utachomoa tena kidogo. Wengi walioishia kula mzigo mzima hawakuamua siku moja kuula, walikuwa wanasubiri kujazia. Peleka pungufu hivyo hivyo. Andika kwenye kipande cha karatasi kiasi ulichochomoa, jina lako na namba yako ya simu, ukiweke kwenye bunda lile pale zilipotoka noti. Na useme wewe kabla hawajahesabu. Si baada. Yatakayosemwa baada ya kuhesabu yanaitwa kujitetea. Mpatane na mwenyewe ulipe kidogo kidogo. Anaweza kukusamehe, anaweza asikusamehe, na hana wajibu wa kukusamehe, kwa sababu nusu ya majina yale huenda yana kodi zao pia.

Zawadi usiidai. Ukipewa, pokea bila aibu. Japani sheria yenyewe humpa aliyeokota asilimia 5 hadi 20 ya thamani, na Ujerumani asilimia 5 kwa euro 500 za kwanza na 3 kwa zinazozidi, kwa hiyo hakuna uchafu katika shukrani. Yule kijana wa Liberia alichekwa kwamba atakufa maskini; baadaye Rais wa wakati huo, George Weah, alimpa dola 10,000 na ufadhili wa masomo. Lakini sitaki urudishe ukiwa na picha hiyo kichwani. Wengi hupewa asante kavu, wengine huangaliwa kwa jicho la kushukiwa, na kwako wewe, uliyekaa siku tisa na kuchomoa, jiandae kwa jicho hilo. Litauma. Lipokee.

Mtoto naye mwambieni ukweli, ninyi wawili pamoja, kwa maneno machache: fedha zile hazikuwa za baba, zilipotea kwa mtu, na mama anazipeleka. Ikiwezekana, aione stakabadhi.

Nenda kesho, usisubiri mwisho wa mwezi. Beba bahasha ile ile, raba nyekundu ile ile, karatasi ile ile bila kuongeza alama yoyote. Na ukikutana na yule mwenye kalamu ya bluu, usianze na fedha. Mwombe radhi kwanza kwa zile siku tisa.

Shangazi